Kijiji cha Sturbridge Hakikujitosheleza

Mgeni anayezuru Old Sturbridge Village, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, huona mengi ya kumfurahisha kwa siku moja. Anamkuta mhunzi akifua chuma, mwanamke mwenye gauni refu akikoroga chungu juu ya moto wa kuni, mshona viatu ameinamia kazi yake, maksai wakipita barabarani. Waongozaji wa wageni wamevaa kama walivyovaa watu wa miaka ya 1830. Jioni, akielekea nyumbani, mgeni huyo aghalabu husema yale yale waliyosema waliomtangulia: watu wa zamani walijitegemea. Walikula walichokilima, walivaa walichokifuma, na hawakumhitaji mtu yeyote wa mbali.

Imani hiyo si ya kweli, na haifai kuachwa ipite hivi hivi kwa kuwa eti ni ya kufurahisha tu. Inawafuta watu. Inamfuta mtumwa aliyechuma pamba kusini mwa Marekani, yule aliyekata miwa Kuba, na mpagazi aliyebeba pembe ya ndovu begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Wote hao walikuwa na mkono wao katika kijiji cha aina hii.

Kwanza, hapajawahi kuwa na kijiji mahali pale. Palikuwa na shamba la familia ya Wight kando ya mto Quinebaug. Ndugu wawili wa familia ya Wells, Albert na Cheney, waliotajirika kwa kiwanda cha miwani cha American Optical katika mji jirani wa Southbridge, walikusanya vitu vya kale kwa miaka mingi, kisha wakaanza kununua na majengo. Makumbusho yalifungua milango mwaka 1946. Leo yana majengo zaidi ya 40, na mengi kati ya yale ya kale yaling'olewa kwingine yakaja kusimamishwa hapo. Duka la Asa Knight lilitoka Dummerston, Vermont. Karakana ya mfinyanzi Hervey Brooks ilitoka Goshen, Connecticut. Kinu cha kuchambulia sufu kilitoka South Waterford, Maine, na benki ikatoka Thompson, Connecticut. Majirani wanaotazamana leo katika uwanja wa kijiji hawakuwahi kujuana.

Kuhamisha majengo si kosa. Mengi yangebomoka kama yasingehamishwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini anayechagua jengo la kuleta anachagua pia la kuacha. Kijiji hicho kina kinu cha mbao, kinu cha unga na kinu cha sufu. Kiwanda cha pamba hakina. Ilhali katika miaka hiyo hiyo ya 1830 viwanda vya pamba vilijaa kando ya mito ya Massachusetts, na Sturbridge yenyewe ilikuwa na vyake katika kitongoji cha Fiskdale. Samuel Slater, aliyeanzisha usokotaji wa pamba kwa mashine nchini Marekani, alikuwa na viwanda jirani kabisa, na mji wa Webster ulizaliwa mwaka 1832 kutokana navyo. Huko Lowell, mabinti waliotoka mashambani kwenda kuendesha mitambo waligoma mwaka 1834, wakagoma tena mwaka 1836. Binti aliyeondoka nyumbani kwenda Lowell na mama aliyebaki akikanda mkate walikuwa watu wa familia moja, lakini mgeni anaonyeshwa mama peke yake.

Na si Sturbridge tu. Henry Ford, aliyeijaza dunia magari, alizindua Greenfield Village mwaka 1929 ili watu waone maisha ya kabla ya magari. Matajiri wa viwanda ndio waliojenga vijiji vingi mashuhuri vya aina hii Marekani, na waliyapenda mno yale ambayo viwanda vyao vilikuwa vimeyaua. Mapenzi hayo yanaeleweka. Hayageuki historia kwa kueleweka.

Basi tuingie ndani ya majengo, tushike vitu vyenyewe.

Gauni la mwongozaji ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni la pamba, chiti yenye maua madogo, na gurudumu la kusokotea lililowekwa pembeni humfanya mgeni aamini kwamba mama wa nyumba alisokota nyuzi zake mwenyewe. Kizazi kimoja nyuma angeweza kuwa sahihi, walau kwa sufu na kitani. Kufikia miaka ya 1830 kitambaa cha kiwandani kilikuwa kimeshuka bei kiasi kwamba familia nyingi za New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, zilikuwa zimeacha kufuma. Zilinunua dukani. Pamba ya kitambaa hicho haioti Massachusetts, ambako baridi haiiruhusu. Ilitoka Georgia, Alabama, Mississippi na Louisiana, ilikolimwa na kuchumwa na watumwa.

Fundi bati naye hufanya kazi ya kupendeza. Anakata duara kwa mkasi mzito, anakunja ubavu wa kikombe juu ya fuawe ndogo, anaunga mshono kwa risasi ya kuchomelea, na kikombe kinatoka kinang'aa. Mgeni anaona kazi ya mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanzo wenyewe hauoni. Bati hizo zilifika kwa meli kutoka Wales, kwa kuwa Marekani haikuwa na viwanda vya maana vya bati hadi ushuru wa mwaka 1890 ulipozuia zile za Uingereza. Kikombe cha mkulima wa Massachusetts kilivuka bahari ya Atlantiki kabla hakijawa kikombe.

Kwa mshona viatu mambo yanazidi kuwa mazito. Katika kaunti ile ile iliyo na Sturbridge, mji wa North Brookfield ulikuwa na biashara kubwa ya viatu ya familia ya Batcheller, iliyojulikana kwa viatu vigumu vya bei rahisi ambavyo wenye mashamba wa kusini waliwanunulia watumwa wao. Viwanda vya Rhode Island vilifuma kitambaa kizito kwa wanunuzi hao hao. Yaani pamba ilipanda kaskazini, viatu na nguo vikateremka kusini, na fedha ikazunguka katika madaftari ya wenye maduka wa vijijini.

Daftari la duka ndilo linaloimaliza kabisa hadithi ya kujitosheleza. Mkulima alileta siagi, jibini au mbao, akaandikiwa. Alichukua chai ya China, sukari na molasi ya visiwa vya Karibi, pilipili, kahawa, akaandikiwa pia. Mke wake na binti zake walisuka kofia. Mwenye duka aliwagawia majani ya mtende yaliyoagizwa kutoka Kuba, wao wakayasuka jioni baada ya kazi za nyumbani, wakarudisha kofia na kupunguziwa deni. Dexter Whittemore, mwenye duka wa Fitzwilliam, New Hampshire, aliendesha kazi hiyo na mamia ya wasukaji. Wanawake wa pwani yetu wanaosuka ukili baada ya kupika watawaelewa wanawake hao mara moja. Kofia zao ziliuzwa mbali, nyingine zikaishia vichwani mwa watumwa wa mashambani. Hapo pana familia ya Kikristo, ya kijijini, yenye bidii, imekaa kwenye moto wake, na mikono yake imeshikana na Havana na New Orleans pasipo kutoka nje ya mlango.

Kwa msomaji wa Kiswahili, uzi unafika hadi nyumbani.

Meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilianza kutia nanga Unguja katika miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, huko Muscat, kwa niaba ya Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, aliwasili Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, na hapo hapo akafanya biashara yake, akishirikiana na Jairam Shivji aliyeshika forodha ya Sayyid. Waters alikuwa mcha Mungu na aliuchukia utumwa. Hata hivyo aliishi katika mji uliosimama juu ya utumwa, akanunua na kuuza humo hadi mwaka 1844. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, liliingia New York chini ya Ahmad bin Na'aman likiwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi.

Kilichotoka Massachusetts kuja huku kilikuwa hasa kitambaa: merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa, nene, yenye kudumu. Kilitoka kwa mitambo ya New England na pamba ya watumwa wa kusini. Kutoka Unguja kilivuka hadi Bagamoyo, kikapanda bara kwa majora, kikawa fedha ya njiani. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alikuta safari nzima inahesabiwa kwa nguo. Ugogo, msafara haukupata maji wala ruhusa ya kupita bila kutoa hongo, yaani ushuru wa njia, na hongo hiyo ilikuwa nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, pamba ya kusini ikakatika, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Mtu wa Unyanyembe, huko Tabora, aliyeona bei ya nguo inapanda alikuwa anaguswa na vita vya Virginia.

Kilichokwenda Massachusetts na Connecticut kilikuwa sandarusi na pembe. Sandarusi iliyochimbwa ardhini katika mwambao wa Tanganyika ilisafishwa Salem, ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Pembe zilikwenda Deep River na Ivoryton, Connecticut, zikakatwa vitana na, baadaye, vibonyezo vya piano. Wapagazi walioziteremsha pwani wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na wengine walikuwa watumwa. George Read, mmoja wa wakuu wa biashara hiyo Deep River, alijulikana kwa kupinga utumwa na kuwahifadhi waliotoroka kusini. Pembe aliendelea kuzipokea.

Watetezi wa imani hii ya kujitosheleza watajibu kwamba kijiji cha makumbusho ni cha kuonyesha ufundi, na kwamba mtoto anayejifunza jinsi mkate unavyoivishwa kwa kuni hahitaji kubebeshwa habari za Mississippi. Jibu hilo linamdharau mtoto. Linamdharau pia mwongozaji. Waongozaji wa Sturbridge, tofauti na wa baadhi ya makumbusho ya aina hii, kwa kawaida hawaigizi kuwa watu wa karne ya 19; wamevaa nguo za kale lakini wanazungumza kama watu wa leo wanaoyajua mambo. Ukimuuliza fundi bati bati yake ilitoka wapi, anaweza kukuambia. Huo ndio uzuri wa mtindo huo. Anayejifanya yuko mwaka 1836 hawezi kukwambia vita vya 1861 vilileta nini, na mambo aliyoyaficha mtu wa 1836 itambidi naye ayafiche. Wanahistoria wa makumbusho hayo wamechapisha mengi kuhusu maduka, kofia na madeni. Tatizo ni kwamba ujuzi huo unamsubiri mgeni aulize, na mgeni aliyekuja kutazama watu waliojitegemea haulizi.

Kwa hiyo isiachwe kwa mgeni. Mlangoni mwa duka pawekwe ramani ya kila kilichomo rafuni, na jina la bandari kilikopitia. Mwongozaji aanze kwa pamba ya gauni lake kabla hajashika mwiko. Kwa mshona viatu, jozi moja ya viatu vya mashambani isimame mezani na ielezwe ilikuwa ya nani.

Dai hilo hilo linahusu Dar es Salaam na Nairobi. Kijiji cha Makumbusho pale kwenye barabara ya Bagamoyo, na Bomas of Kenya iliyoanzishwa mwaka 1971, huonyesha nyumba za makabila zikiwa zimekaa kila moja peke yake, na watoto wa shule hutoka humo wakiamini kwamba kila kabila liliishi ndani ya ua wake hadi Mzungu alipofika. Imani hiyo ni ndugu wa ile ya Sturbridge, na madhara yake kwetu ni makubwa zaidi, maana iliwasaidia wakoloni kudai kwamba wao ndio waliotuunganisha na dunia. Watu wa karne ya 19 waliokuwa wakidai hongo Ugogo walijua kutofautisha merikani na nguo ya Bombay kwa kuishika tu. Ndani ya tembe, nyumba ya Wagogo, panastahili kuwa na jora la merikani, mtungo wa ushanga wa Venice na jembe la chuma la biashara, na mwongozaji apewe dakika kumi za kusimulia kila kimoja kililetwa na nani, kwa bei gani, na mgongoni mwa nani.