Trekta la Vyuma Vikuukuu

Mtu aonapo kwa mara ya kwanza trekta lililoundwa gerejini, kwanza hucheka. Injini ni ile ya silinda moja iliyokuwa ikizungusha kinu cha kusagia mahindi. Magurudumu ya nyuma ni ya lori, ya mbele ni ya gari dogo, na kiti huenda kilitoka katika matatu. Boneti halina, rangi halina. Lakini likifungwa plau nyuma na kutiwa gia, ardhi hupinduka, na kicheko hukoma chenyewe.

Kicheko hicho ndicho tutakachokisemea leo. Fundi wa Matondoni, kule Lamu, huunda jahazi bila ya kuchora ramani, kwa jicho na kamba na tezo, nasi twamsifu, na wageni huja kumpiga picha. Fundi wa gereji wa Malindi au Kilifi akiunda trekta kwa njia hiyo hiyo, twasema anacheza. Kwa nini? Mmoja kashika mti na mwengine kashika chuma, basi. Na chuma si kigeni huku kwetu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliitaja Malindi kuwa ni mji wa watu wachimbao chuma na kukiuza. Wataalamu wabishana kama mji alioukusudia ndio huu wa leo, lakini kwamba pwani hii ilifua na kuuza chuma, hilo halina ubishi. Lamu ina siwa yake ya shaba. Na waliosoma chuoni wajua kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alilainishiwa chuma akafuma deraya kwa mikono yake.

Tuieleze kazi yenyewe, maana wengi wadhani ni kuokota vyuma na kuvichomelea tu. Shida ya kwanza ni mwendo. Lori limeundwa kukimbia. Trekta limeundwa kutambaa na kuvuta. Tuseme injini yazunguka mara 2,000 kwa dakika, gia ya kwanza yapunguza mizunguko hiyo mara 7, na difu yaipunguza tena mara 6. Gurudumu litazunguka kama mara 48 kwa dakika, na likiwa na mzingo wa mita mbili na nusu litakwenda kiasi cha kilomita 7 kwa saa. Kwa plau hizo ni mbio. Kulima kwataka kilomita 4 au 5. Fundi hafungui kitabu. Hutafuta giaboksi ya pili akaifunga nyuma ya ile ya kwanza, gia juu ya gia, akapata mwendo wa mtu atembeaye na nguvu maradufu ya ile aliyokuwa nayo. Wakulima wa Marekani walifanya vivyo hivyo kwa malori mabovu ya Ford katika miaka ya 1930 na 1940, matrekta yalipokuwa ghali na adimu. Hawakuonana na fundi wetu wala hawakuandikiana barua. Hesabu ndiyo iliyowafikisha pahala pamoja.

Shida ya pili ni uzani. Trekta jepesi huzungusha magurudumu pahala pamoja likachimba shimo, kwa hiyo matairi ya nyuma hutiwa maji yapate uzito. Ya tatu ni ekseli. Ekseli ya lori ni pana mno kwa shamba dogo, basi hukatwa na kuungwa tena, na hapo ndipo aumbukapo fundi asiye na mashine ya kukereza: shafti ikipinda kwa unene wa unywele tu, beringi hazimalizi msimu. Majani ya springi hayatupwi, maana ni chuma kigumu kifaacho kufuliwa makali ya plau.

Na hatari ipo, hatutaificha. Ukanda wa injini usiokingwa hunasa kikoi na mwenye kikoi. Plau ikifungwa juu ya usawa wa ekseli, siku itakapokwama katika mzizi wa mkorosho trekta huinua pua, likapinduka kinyumenyume juu ya dereva wake, na wasaa wa kuruka hapana. Dawa yake ni rahisi: plau ifungwe chini ya usawa wa ekseli, na vyuma vizito vitiwe mbele. Mafundi wengine wayajua haya. Wengine huyajua baada ya maziko.

Sasa tumtazame mkulima. Mvua za masika, ambazo wazee wa Mombasa waziita mwaka, huingia baina ya mwisho wa Machi na Aprili, na mahindi yaliyopandwa siku za mwanzo si sawa na yaliyopandwa wiki tatu baadaye. Trekta kubwa la kukodi huanzia kwa mwenye shamba kubwa lililo karibu na barabara ya lami. Kwa mwenye ekari mbili kule Ganze au Marafa hufika magugu yamekwishaota, au halifiki. Ng'ombe wa plau si desturi kubwa ya ukanda huu, na mbung'o wa misituni wana sehemu yao katika jambo hilo. Libakialo ni jembe la mkono, na mara nyingi alishikaye ni mwanamke. Malindi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid wa Zanzibar, ikawa yapeleka mtama na ufuta Arabuni kwa majahazi, mgongo ulioinama shambani ulikuwa mgongo wa mtumwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1907. Jembe ni lile lile. Asemaye kwamba trekta la gerejini ni mchezo, na alishike jembe hilo tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha tuzungumze.

Mambo makubwa yamekwishajaribiwa. Ng'ambo ya mto Sabaki, huko Magarini, serikali ya Kenya na ile ya Australia zilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 mradi wa kuwapa maelfu ya jamaa makazi na mashamba. Baada ya miaka kama kumi wafadhili waliondoka, na mwaka 1991 Porter, Allen na Thompson walitoa kitabu kizima juu ya kushindwa kwake. Mwaka 2014 ikaja Galana-Kulalu. Ekari milioni moja zilitajwa, na shamba la mfano peke yake lilikuwa la ekari 10,000. Mavuno yaliyoahidiwa hayakuonekana. Jirani zetu wa Tanzania walitangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009 wakaagiza pawatila kwa wingi, na nyingi zilizopelekwa penye ardhi ngumu na kavu zilishindwa, kwani asili yake ni mashine ya majaruba ya mpunga.

Wala hatusemi serikali haikupata kumwamini Mwafrika mwenye spana. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaagiza wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Nyayo Pioneer ilionyeshwa kwa wananchi mwaka 1990. Yaliundwa matano, na sokoni halikufika. Neno la sura mbaya na mwendo wa pole lilikuwa neno la hekima, ila lilisemewa gari la abiria, na mnunuzi wa gari la abiria ataka sura na mbio. Lingesemewa trekta, sura mbaya na mwendo wa pole visingekuwa ila hata kidogo.

Tatizo kubwa la fundi wetu leo si akili wala vyuma, ni sheria. Trekta lake halina nambari ya kiwanda, kwa hiyo likitoka shambani kuvuka barabara kwenda shamba la pili, lina kesi. Watu wa Uswidi walikabiliwa na jambo hili hili wakati wa vita, mwaka 1940. Matrekta yalikuwa haba, wakulima wakawa wakata magari makuukuu na kuyafanya matrekta. Serikali yao haikuyapiga marufuku. Iliyaandikia kanuni, nayo yakaja kuwekewa mwendo wa mwisho wa kilomita 30 kwa saa. Mengine yatembea hadi leo chini ya sheria iliyofuata ya mwaka 1975. Kanuni za namna hiyo zingeandikwa Nairobi zikawa kurasa tatu tu: breki zishike, ukanda ukingwe, plau ifungwe chini ya ekseli, taa ziwake, na mwendo usizidi kadhaa. Mkaguzi akija Malindi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, yatosha.

Upande wa kaunti hatuoni udhuru. Tangu mwaka 2013 kilimo na vyuo vya ufundi vya vijiji vimo mikononi mwake, si mwa Nairobi. Mashine moja ya kukereza chuma ikiwekwa Malindi na nyingine Kilifi, fundi akalipia saa atakazotumia, ekseli zingeungwa sawasawa. Na vyuma vyenyewe vyatuponyoka kila siku. Biashara ya vyuma chakavu ilizuiwa mwezi wa Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa mali ya umma, ikafunguliwa Mei mwaka huo huo, na malori ya chakavu yakarudi njia ya Mombasa. Difu nzima, yenye meno yake yote, huuzwa kwa kilo sawa na bati la paa, ikaenda kuyeyushwa ifanywe nondo. Chuo cha ufundi kingeinunua kwa bei hiyo hiyo ya kilo. Ikifunguliwa juu ya meza na kuoshwa kwa dizeli, ingewafunza wanafunzi hesabu ya meno ya gia kwa asubuhi moja, na jioni ingefungwa tena, tayari kupelekwa gerejini.