Kalibu ya risasi: tusiangalie bei tu

Wanaovua mto Lowa na maziwa ya Mokoto wanatuuliza: kwa kutengeneza ndoana zenye kichwa cha risasi, kalibu gani iko nzuri?

Si ya udongo. Ni ya bure, kweli, lakini udongo unaficha maji. Risasi inayeyuka kwenye digrii 327. Ikikuta unyevu kidogo tu, maji yanageuka mvuke papo hapo na risasi inakurukia usoni. Na kwa mvua hizi zetu, udongo huo utakauka siku gani? Ya mbao nayo inaungua haraka, vichwa vinatoka vibaya.

Sisi tunapendelea aluminiamu, vipande viwili vinavyofungana. Inavumilia mpaka digrii 660, na fundi anayemimina masufuria anaweza kuitengeneza. Bei itamlemea mtu mmoja, basi kooperative inunue moja, izunguke kwa wanachama. Hata hiyo, ipashe moto kwanza ikauke.

Lakini kuna jambo linatusumbua kuliko kalibu. Tumeona risasi ikiyeyushwa jikoni, katika sufuria ileile ya sombe, watoto wako pembeni. Risasi inaharibu akili ya mtoto polepole, bila homa, bila dalili. Chombo kiwe cha kazi hiyo tu, nje, mbali na watoto na mama mjamzito. Na betri ya gari tusiipasue nyumbani: vumbi lake ni sumu, maji yake ni asidi. Risasi safi ikikosekana, jiwe dogo lililofungwa juu ya ndoana linazama vilevile.