Anayerekodi na Ajisikilize

Yeyote mwenye kompyuta na maikrofoni ya bei ya chini aweza leo kusoma hadithi, kutoa mawaidha au kughani utenzi chumbani mwake, na kabla ya jua kuchwa sauti yake ikawa imesikika Mombasa, Bujumbura na Maskati. Na maadamu neema hii imewafikia wengi, wajibu ulioambatana nayo hauna budi kuwafikia pia, nao ni wajibu wa msemaji kuisikia sauti yake mwenyewe, kwa hedifoni, wakati uleule anaponena.

Aghalabu wajibu huu hupuuzwa. Mtu hunena nusu saa nzima, kisha husikiliza, na ndipo anapotambua kwamba feni ya dari imevuma juu ya kila neno, kwamba pumzi yake imepiga kishindo kwenye kila “p” na kila “b”, au, hasara kubwa kuliko zote, kwamba kompyuta ilitumia maikrofoni yake ya ndani, ilhali ile iliyowekwa mbele ya kinywa haikunasa kitu. Kosa linalosikika papo hapo huondolewa kwa kuzima feni au kusogeza maikrofoni kando kidogo ya kinywa. Linalosikika baadaye aghalabu halina dawa ila kuanza upya, na mzee aliyekwisha kusimulia habari za ujana wake si rahisi kuzisimulia tena kwa hamu ileile.

Wapo wasemao kuwa kujisikiliza humvuruga msemaji. Malalamiko yao yana msingi, lakini kinachovuruga ni kuchelewa kwa sauti. Katika Windows, mtu aweza kufungua sifa za maikrofoni kwenye mipangilio ya sauti na kutia alama katika kisanduku kinachoamuru kifaa hicho kisikilizwe; njia hiyo ni sahali, nayo yafaa kwa kujaribu maikrofoni, ila sauti hurudi masikioni ikiwa imechelewa. Kompyuta huipokea sauti kwa mafungu ya sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti: fungu la sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua milisekunde 21 kujaa kabla halijapelekwa popote, na hedifoni za Bluetooth mara nyingi huongeza milisekunde 100 au zaidi. Mtafiti Bernard S. Lee alieleza huko Marekani, mwaka 1950, jinsi mtu anayerudishiwa sauti yake kwa kuchelewa anavyojikwaa ulimi na kurudia silabi, hata kama hana kigugumizi.

Dawa basi ni kufupisha safari ya sauti. Msemaji atumie hedifoni ya waya, inayofunika masikio ili sauti isivuje na kurudi kwenye maikrofoni. Spika azizime, kwani zikibaki wazi mlio mkali utazuka mara moja. Na katika programu ya kurekodi ashushe fungu hadi sampuli 128, ambazo hazifiki milisekunde 3, na akisikia mikwaruzo alipandishe hadi 256. Lililo bora zaidi ni maikrofoni ya USB yenye tundu lake la hedifoni, au kifaa cha sauti chenye uwezo wa kumsikilizisha msemaji moja kwa moja, kwa sababu hapo sauti humfikia masikioni bila kuzunguka ndani ya kompyuta.

Atakayevaa hedifoni kwa mara ya kwanza huenda akaichukia sauti yake, kwa kuwa amezoea kuisikia ikipitia pia mifupa ya kichwa. Ugeni huo hupungua kwa mazoea, na faida ikabaki. Wanaofundisha vijana utangazaji na uandishi wa habari, misikiti na makanisa yanayorekodi mawaidha, na walimu wanaotunga masomo ya sauti, wote nawasihi waifanye kuwa kanuni ya kwanza ya kazi: asianze mtu kurekodi kabla hajavaa hedifoni na kujisikiliza. Msikilizaji ametoa muda wake, na kumpelekea sauti ambayo msemaji mwenyewe hakuisikiliza ni kumkosea heshima.