Mota Ndogo na Bodi Iliyozimika

Siku chache baada ya sikukuu mpwa wangu alinijia uso umemsawijika. Fedha zote za mkono wa Idi alikuwa amezitia katika bodi ya Arduino Uno, mota mbili za manjano na magurudumu yake, akikusudia kuunda kigari cha kujiendesha chenyewe barazani kwa nyanya yake. "Mjomba, imekufa," akasema. Niliigusa ile bodi, chipu yake ilikuwa ingali moto. Kosa lilikuwa langu, si lake. Ni mimi niliyemwambia aunge waya za mota moja kwa moja kwenye pini, kama tulivyokwisha kuunga kijitaa tukafurahi kukiona kikiwaka.

Kijitaa ni mgeni mwenye adabu, hutosheka na kidogo. Pini ya bodi ile yafaa itoe miliampea 20, na 40 ndio ukomo wa stahamala yake. Mota ya manjano, hata ikizunguka hewani bila mzigo, hutaka zaidi ya 100. Lishike gurudumu lisizunguke, nayo itadai ampea nzima au zaidi. Sababu yake ni kwamba mota inapozunguka huzalisha umeme wake yenyewe, unaoukabili ule wa betri na kuupunguza. Ikisimama, ukinzani huo hutoweka, hubakia waya mwembamba tu wa koili. Na kila mota huanza ikiwa imesimama. Kwa hivyo, kila uiwashapo, kwa kufumba na kufumbua hudai kama iliyoshikwa.

Hiyo ndiyo nambari ya kumuuliza muuzaji kwanza: mota hii ikizuiwa, hula ampea ngapi? Wengi wetu huuliza kasi, na kasi ni rahisi kupatikana. Mota tupu iliyotolewa katika kichezeo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, lakini ukiitia gurudumu haisogezi hata sahani. Hii ya manjano ina gia ndani yake. Aina iliyoenea huzunguka mara 48 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kasi inayopotea hurudi kuwa nguvu. (Ukitaka mkono wa kuinua na kushusha, tafuta servo, ambayo hupewa pembe ikaishika.)

Baina ya bodi na mota pana haja ya kiendeshi, kijibodi kinachopokea amri dhaifu ya pini na kufungulia mkondo mkubwa wa betri, mbele au nyuma. L298N ndicho kilichozagaa madukani, nami sikipendi sana: humeza takriban volti mbili, hivi kwamba betri nne za tochi zenye volti 6 hufikisha 4 tu kwenye mota. TB6612 hupoteza kidogo mno. Betri ya pembe nne ya volti 9 iacheni. Mkondo wake ni hafifu kwa mota. Na waya hasi wa betri sharti ukutane na hasi ya bodi, ama sivyo amri hazitafahamika.

Mwendo hupunguzwa kwa kuuwasha na kuuzima umeme mamia ya mara kwa sekunde. Kadiri unavyowashwa kwa muda mfupi ndivyo gurudumu linavyokwenda polepole. Katika programu hiyo ni nambari tu, kuanzia 0 hadi 255.

Bodi ya kijana haikufa yote. Chipu yake ilikuwa ya kuchomoka, nami nikamnunulia nyingine iliyokwisha kutiwa programu ya kuanzia, pamoja na kiendeshi. Sasa kigari kinakwenda, ila kinapindia kushoto, kwani mota mbili hata za kiwanda kimoja hazilingani. Jana nilimwacha barazani akiipunguza ya kulia, kutoka 200 hadi 190, kisha 186, na nyanya yake akimwambia asogee ampishe.