Ritifaa ya ng' katika Herufi Nene: Hoja kutoka Njia ya Puge

Wanaisimu wa Kiswahili tumeandika mengi kuhusu othografia, lakini umbo la herufi zenyewe tumewaachia wapigachapa na wachora mabango. Kwa maoni yetu, mgawanyo huo wa kazi umeanza kutugharimu.

Msafiri atokaye Nzega kwenda Tabora hupita Puge, katika nchi ya Wanyamwezi, ambako misafara ya karne ya 19 ilielekea Unyanyembe. Maandishi yanayomlaki katika barabara kama hii ni yale ya mabango, malori na milango ya maduka: herufi kubwa, nene, zilizobanana, zisizo na vijistari kwenye ncha zake. Asili ya umbo hilo ni Uingereza. Yapata mwaka 1816, William Caslon IV alionyesha alfabeti ya namna hiyo, yenye herufi kubwa peke yake; baadaye matangazo ya biashara na viwanda yakalieneza duniani.

Alfabeti hiyo ilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, ambamo ritifaa huonyesha hasa umilikishi au ufupisho. Katika Kiswahili, ritifaa ya ng' ni sehemu ya konsonanti. Ikiondolewa, ng'oa huwa ngoa, yaani wivu. Na ng'ara, yaani toa nuru, huwa Ngara, wilaya ya mkoani Kagera. Hata hivyo, katika herufi nene alama hiyo huacha pengo kati ya G na irabu inayofuata, na neno NG'OMBE huonekana kama limekatwa vipande viwili. Mchoraji anayetaka mstari wake ushikamane hushawishika kuifuta.

Wapo watakaodai kwamba muktadha unatosha: hakuna atakayekosea maana ya NGOMBE kwenye mlango wa bucha. Hoja hiyo ina uzito kwa nomino za kawaida, lakini haisaidii majina ya watu na mahali. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, ng'w ni sauti ya kila siku. Neno lenyewe la mtoto ni ng'wana. Jina likichorwa bila ritifaa, mgeni hana muktadha wa kumwongoza, naye atalinakili kama alivyoliona. Kosa la bango huweza hivyo kuingia katika ramani na daftari.

Taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi moja, ŋ, kwa sauti hii. Kiswahili sanifu kilibaki na ng', na hatuoni haja ya kulifungua upya suala hilo. Lakini aliyechagua alama hana budi kuitunza. Wabunifu wa fonti waisogeze ritifaa juu ya bega la G, na waisanifu ng' kama umbo moja. Nasi tunaofundisha othografia tuwapeleke wanafunzi wetu barabarani wakasome mabango, kwa kuwa huko ndiko wasomaji wengi wanakokutana na tahajia yetu kila siku.