Mulio wa nyundo yetu una mwenyewe

Ndugu wachimbaji, mama zetu na vijana wa Rubaya, Ngungu, Mweso, mpaka Walikale kule Bisie: leo hatutaongea bei ya kilo. Tutaongea muziki wa jeux vidéo. Tunajua wamoja watasema sendika imekosa kazi. Musome kwanza, kisha mutukane.

Kijana mumoja wa kwetu, miaka 16, anapenda mchezo wa Tekken. Wengine wetu tunaujua toka PlayStation ya kwanza: watu wawili wanapigana, na mwenye vidole vyepesi anamunyanyua adui juu kwa pigo moja, kisha anamuongezea la pili, la tatu, la saba, mbele hajaanguka chini. Mfululizo ule njo wanaita kombo. Pigo la kwanza likishaingia, yule mwingine hana tena njia ya kujikinga. Vijana wa dunia yote wanachukua picha za kombo zao nzuri, wanaziunganisha, wanaweka muziki, wanatumiana. Wengi hawapati hata franka moja. Wanafanya kwa mapendo na kwa sifa.

Wetu pia alifanya. Video yake ya kwanza aliiwekea wimbo wa msanii mukubwa. Kisha siku mbili sauti ikatoshwa, video ikabakia bubu. Toka mwaka wa 2007 YouTube iko na mashini zinazolinganisha muziki wa kila video na nyimbo ambazo wenyewe wameandikisha, na mwenye wimbo anaweza kuuzuia ao kukamata feza ya matangazo. Mutoto alikuja kwetu na hasira, akisema: «Papa, wameniiba.» Tukamuambia hapana, hapo wewe njo uliingia mu shamba la mutu. Akanyamaza. Wiki iliyofuata akasema atatunga wake.

Hapa tunaomba musikilize vizuri, kwa sababu kazi ile tuliiona na macho. Alizunguka na telefone yenye kioo cha kupasuka akikamata milio: nyundo juu ya jiwe, mchanga ukimwagwa katika karai, maji yakipita mahali mama wanasafisha, sauti za vijana wanaopokezana mifuko mukono kwa mukono toka chini ya shimo. Vipande vile akavikata, akavipanga ndani ya programu ya telefone, akavifanya ngoma. Kinanda akakitengeneza palepale kwa kidole.

Kisha ikaja hesabu. Tekken inaonyesha picha 60 kwa sekunde moja. Ukichagua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo la ngoma linashika nusu sekunde, ni kusema picha 30. Ukichagua 100, ni picha 36. Mutoto huyu, ambaye mwalimu wake alisema hesabu hazimuingie, alikuwa anahesabu picha moja moja ili ajue teke linagonga wapi na nyundo ianguke wapi. Na akatufundisha kitu. Teke zote zikianguka juu ya ngoma, video inachosha, sawa mutu anayegonga mlango usiku. Kwa hiyo anaacha nyingine zianguke pembeni. Wakati adui ananyanyuliwa juu anakata muziki wote, kimya kidogo tu, halafu ile kubwa ya mwisho njo anaipana nyundo. Mutu aliyekwisha kushika chuma wakati wenzake wawili wanakipiga kwa zamu anaelewa. Ukipoteza hesabu, unapoteza vidole.

Nyundo ile ya mwisho ina mwenyewe. Ni ya baba yake mudogo. Mutoto aliikamata mbele ya mvua, na mvua ilipokuja udongo ulishuka, baba mudogo akabakia chini. Mama ya nyumba anaomba wachezeshe video ile, haangalie picha hata kidogo. Anangojea mwisho.

Wazee fulani wanasema kutia ngoma katika mapigano ya uongo ni upumbavu wa wageni. Tunawaomba wakumbuke Walikale. Wanyanga wana masimulizi ya Mwindo, mutoto aliyezaliwa akitembea na kuongea, ambaye baba yake alimukataa. Mwaka wa 1956 mzee Shekarisi Rureke aliyaimba na kuyacheza kwa siku nyingi. Alitikisa kibuyu, na vijana karibu yake walikuwa wanapiga fimbo kwenye mti ili kumupana mwendo. Daniel Biebuyck na mwana wa Wanyanga mwenyewe, Kahombo Mateene, wakayatosha katika kitabu mwaka wa 1969. Mwindo anapigana chini ya ardhi, anapigana juu mbinguni, na ngoma inamufuata. Tofauti na kijana wetu ni manete tu. Na muangalie hii: jina la mzee Rureke liko ndani ya kitabu.

Kombo zenyewe, wanasema, zilizaliwa kwa bahati. Wenye kutengeneza Street Fighter II kule Japani, mchezo wa 1991, walikuta kwamba pigo moja linaweza kushikana na lingine bila adui kupata nafasi. Hawakulipanga. Wakaona ni tamu, wakaliacha. Muziki wa mchezo ule, karibu wote, ulitungwa na mwanamke, Yoko Shimomura, wakati angali kijana, na leo wapenda michezo wa dunia nzima wanamujua kwa jina.

Sasa sisi. Nani anatujua kwa jina?

Mwaka wa 2000 tulikuwa vijana wa miaka makumi mbili hivi. Coltan ilipanda kama moshi. Ndani ya mwaka mumoja bei ya ulaya ilifika karibu mara kumi. Watu waliacha maharagwe shambani, waalimu waliacha chaki, hata siye. Hatukujua sababu. Kisha njo tulisikia habari za telefone, na za mashini moja ya kuchezea, PlayStation 2, iliyotoka mwaka uleule. Tantali inayotoka mu coltan inatengenezewa kitu kidogo sana kinachotunza umeme ndani ya mashini hizo. Mwaka wa 2001 bei ikaanguka, na tukabakia na mashimo. Watoto wa mbali walikuwa wanacheza na jiwe letu, lakini kwenye sanduku la mashini haikuandikwa Masisi mahali popote.

Njo maana jambo lililofuata lilituuma. Mwenye biashara mumoja, hatutamutaja, alisikia muziki wa mutoto, akaukata, akaupachika kwenye matangazo ya duka lake. Ulilia pale mwezi muzima. Mutoto alipoenda kuuliza, alipewa Fanta moja na kuambiwa ashukuru kwa sababu sasa anajulikana. Ndugu wachimbaji, neno lile hamulifahamu? Si njo lile tunalosikia mbele ya mizani? «Ushukuru tumekununulia.» Mutu anakamata kazi yako bila kuipima, anakuachia kitu cha kunywa.

Tulipeleka neno hili kwenye mukutano wa sendika, na kelele ilikuwa kubwa. Mwenzetu mumoja, mutu wa heshima, alisema sanduku la mushikamano ni la wagonjwa na la maziko, si la manete. Ni kweli. Mwingine akasema sale za michezo zinakula feza ya masomo na vijana wanacheza kamari mule. Hiyo pia ni kweli, na tunawaambia wenye sale: mutoto wa masomo asubuhi mumurudishe. Sisi wenyewe tuna wale tuliowatosha mule kwa masikio.

Lakini tuliwajibu hivi. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, haimupane mutoto karata ya mchimbaji. Tunapiga kelele kila mwaka watoto watoke mu mashimo. Wakishatoka waende wapi? Huyu alipata mahali pa kwenda, akapata kazi inayoomba akili, hesabu na sikio, na haijamuvunja mugongo. Tukimucheka, kesho yake atachukua beche. Innoss'B alitoka hapa Goma, na mwaka wa 2019 Yope aliyoimba pamoja na Diamond Platnumz ilichezwa mpaka pwani. Hatusemi huyu wetu atafika kule. Huenda hatafika, na kusema kweli kinanda chake kingali kinatuumiza masikio. Tunasema jasho lake ni jasho.

Tena sheria iko. Ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986 inasema mutu aliyetunga kazi ya akili ana haki juu yake kwa sababu ya kuitunga tu. Haiulize kama ana miaka 16, ao kama alitumia telefone ya kupasuka. Na kuko SOCODA yenye kazi ya kukusanya haki za watunzi. Kwa hiyo tulienda dukani watu wane, kwa adabu, na karatasi mukononi. Mwenye duka alicheka, akapiga simu, akacheka tena kidogo, kisha akaacha kucheka. Matangazo yametoshwa. Malipo ya mwezi ule bado, na tutarudi.

Kwa upande wetu tumekubali mambo mawili. Sanduku la mushikamano halitaguswa. Tutachanga pembeni, kila mwenye kupenda, kwa kununua pano ya jua na ekuta za masikio, zitunzwe ofisini na vijana wazitumie kwa zamu. Na kila muziki utakaotoka mule utaandikwa ndani ya kaye: jina la mwenye kutunga, siku, na majina ya wote ambao sauti zao zimo, hata aliyepiga nyundo. Jina la baba mudogo limekwisha kuandikwa, la kwanza kabisa.

Mutoto anaanza video ya pili. Anataka sauti za mama wanaosafisha, asubuhi, mbele mashini ya maji haijaanza kulia. Anaomba tu wasiimbe nyimbo za kanisa ambazo zina watunzi wengine, waimbe zile zao za kazi. Mama mumoja aliuliza kama atalipwa. Tulimuambia video haina feza, lakini siku itakapopata, jina lake liko mu kaye. Akasema basi andikeni vizuri, na jina la baba yangu pia, kwa sababu kuko wengine wenye jina kama langu.