Muhogo mchungu hautaki haraka

Wengi wetu tunapanda muhogo mchungu kwa sababu unajua kungoja: ukimbie vita leo, urudi kisha mwaka mzima, utaukuta bado ndani ya udongo. Hata mwizi na nguruwe hawaupendi sana. Mimi pia ninaupanda.

Lakini njaa ikibana, siku 3 za kuloweka tunazifanya 1, maana watoto wanalia. Kule Kahemba, katika Kwango, sumu inayobaki ndani ya unga imeleta konzo, zaidi kwa watoto na wamama. Kwa Kiyaka ni kusema miguu iliyofungwa. Mtoto analala muzima, asubuhi miguu imekaza, na dawa ya kuirudisha haiko.

Kama unga una mashaka, uutie maji, ukoroge, uutandaze juu ya mkeka, unene usifike sentimeta 1. Uuache kwenye jua masaa 2, ao kivulini masaa 5, sumu itoke na hewa. Usonge bugali siku ileile. Na maharage ao ndagala, hata kidogo, mpe mtoto kwanza. Yanasaidia mwili kupigana na sumu hiyo.